Mwanafunzi Hai

Pale machinjioni wachunaji walimwita Bibi Muhuri, kwa sababu bila muhuri wake wa wino wa zambarau hakuna paja la ng'ombe lililotoka getini kwenda bucha lolote. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mwenye mabuti meupe ya mpira na sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Jina lilimganda mpaka nyumbani. Mumewe, fundi wa majokofu, akitaka kumtania asubuhi alisukuma kikombe mezani na kuuliza, "Bibi Muhuri, chai imepita ukaguzi, au tumwage?"

Watu wengi walidhani kazi yake inatia kinyaa. Wifi zake wakija kumtembelea walinusanusa mapazia na kuchungulia ndani ya glasi kabla ya kunywa. Yeye alikuwa akiwacheka kimoyomoyo. Miaka yote aliyochana mapafu, maini na matumbo, hakuwahi kutema hata mate. Ini bovu, alikuwa akisema, halijifichi; ukilikata tu linakuambia limeharibika wapi. Kinyaa chenyewe alikuja kukijua ukubwani, tena mahali penye vigae vinavyong'aa na watu wanaonukia manukato, wakati akihangaika asifutwe kwenye orodha ya wanafunzi wa uzamili.

Alikuwa amejiunga na chuo kikuu kwa hiari yake mwenyewe. Kila siku kazini alikutana na vifuko vya tegu kwenye nyama ya ng'ombe, vile vipunje vyeupe vya majimaji ambavyo mtu akivila bila kuiva vinageuka mnyoo mrefu tumboni mwake. Akataka kujua vinatoka mashamba gani na kwa nini vinazidi. Alisoma jioni, akakusanya vipande vya mioyo na ndimi, akavikagua kwa darubini ya chuo siku zake za mapumziko, akaandika tasnifu mpaka sura ya mwisho. Akaifunga, akaibeba kama mtoto mchanga, akampelekea msimamizi wake aisome.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Tasnifu ilikaa kwa msimamizi, na muda haukumsubiri. Sheria ya chuo ilikuwa kwamba mwanafunzi wa uzamili, hata kama hana darasa lolote la kuhudhuria na kazi yake imeisha, lazima ajisajili upya kila muhula mpaka siku anapotunukiwa. Ukijisajili, mfumo unaandika pembeni ya jina lako neno "hai" kwa rangi ya kijani. Ukiruka muhula mmoja, neno hilo linageuka "amefutwa" kwa rangi nyekundu, na anayetaka kurudi huanza mwanzo kama vile hajawahi kuja. Na ili ujisajili, msimamizi sharti asaini fomu kuthibitisha kwamba kazi yako inasonga mbele. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa akichelewesha kazi ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba kazi haijachelewa.

Msimamizi huyo aliitwa Profesa na kila mtu, hata na mkewe, watu walivyosema. Alikuwa mwanamume mnene, laini, mwenye meno mazuri na kicheko cha karibu. Ofisini kwake palinuka maganda ya machungwa yaliyoachwa kwenye droo iliyo wazi. Muhula wa kwanza wa kusubiri alisaini bila kuinua macho. Muhula wa pili alimweka Bibi Muhuri kwenye benchi la nje asubuhi nzima, na alipomwita ndani alikuwa akichokonoa sikio kwa kibanio cha karatasi. Alikitoa, akakitazama, akakifuta kwenye suruali, kisha akakitumia kubania fomu yake.

"Hii nitasaini," alisema. "Ila na wewe nisaidie kidogo. Nina mitihani ya mwaka wa kwanza hapa, macho yangu siku hizi hayataki. Wewe ni mtu mzima, unajua majibu."

Bibi Muhuri akapakia makaratasi ya watoto wa watu kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kuyasahihisha mezani kwake, mumewe akimsomea namba za watahiniwa. Wanafunzi wale walidhani wamepimwa na Profesa. Kila alama aliyoandika ilimwasha kidoleni. Alipoyarudisha alipata saini yake, na siku hiyo alinawa mikono mara mbili kwenye sinki la chuo, ingawa yalikuwa makaratasi tu.

"Hii tasnifu yangu umeifikia wapi, Profesa?" alikuwa akiuliza kila mara, kwa heshima.

"Naisoma. Kazi nzuri haisomwi mbiombio."

Aliiona kwa macho yake. Ilikuwa sakafuni, chini ya birika la umeme, jalada limevimba kwa maji na mende mmoja akitembea juu ya jina lake.

Muhula wa tatu ndio huu. Siku za usajili zilikuwa zinakwisha, na Profesa alikuwa hapokei simu. Bibi Muhuri alishaenda chuoni hadi walinzi wakamzoea. Karani wa ofisi ya uzamili, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alimwonea huruma.

"Dada, mimi nikipata ile saini nakuingiza hapohapo," alimwambia. "Lakini mfumo unafunga kesho jioni, na ukishafunga mimi sina ufunguo wake. Mtafute popote alipo."

Jioni hiyo simu ikaita. Alikuwa Profesa mwenyewe, mchangamfu kama mtu aliyeoga sasa hivi.

"Fomu yako ninayo. Usihangaike kuja huku, kesho asubuhi nakuletea mwenyewe kazini kwako."

Bibi Muhuri alikaa kitini, simu bado mkononi. Mumewe alifurahi hata akazima redio. "Umeona? Wewe unamchukia bure mtu wa watu," alisema.

Asubuhi Profesa alifika kweli. Alikuja kwenye kiti cha mbele cha lori, na nyuma ya lori walikuwa madume sita ya ng'ombe, ngozi zikimeremeta. Bibi Muhuri hakuwa anajua kwamba msimamizi wake ana shamba la mifugo. Profesa alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwelezea kwamba amepata kandarasi ya kulisha shule moja ya bweni, na kwamba gari la shule litakuja kuchukua nyama mchana.

"Fanya kazi yako taratibu," alisema, "nitakunywa chai ofisini kwako."

Ng'ombe wakachinjwa, wakachunwa, wakaning'inizwa. Bibi Muhuri alianza na kichwa cha kwanza kama alivyozoea, akachana misuli ya taya. Kisu kiliposimama aliona vipunje. Akachana tena pembeni, vikawa vingi zaidi, vimejipanga ndani ya nyama nyekundu kama punje za wali uliomwagika. Akahamia kwenye ulimi, kisha kwenye moyo, na moyo ulipofunguka ulikuwa umejaa hadi kwenye kuta. Wa pili alikuwa hivyohivyo. Wa tatu alikuwa safi, wa nne akawa mbaya kuliko wote.

Kiongozi wa wachunaji, mzee mmoja waliyemwita Taratibu kwa jinsi alivyozungumza, alikuja akasimama nyuma yake na kisu chake kikining'inia kiunoni.

"Hawa sio ng'ombe, dada," alisema. "Hawa ni magunia ya mchele."

Walipomaliza kukagua, ni wawili tu waliokuwa safi. Bibi Muhuri alienda ofisini kwake, kijumba chenye dirisha moja na meza ya bati, kumwambia mwenye mali. Profesa alisikiliza akiwa anachovya mkate kwenye chai. Kisha alivuta bahasha kutoka mfuko wa koti, akaitoa ile fomu, akailaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa imejazwa yote. Ilibaki saini.

"Tulia tuongee kama wasomi," alisema. "Wewe mwenyewe sura yako ya nne umeandika, tena kwa ufundi sana, kwamba maambukizi yakiwa hafifu nyama inaweza kugandishwa kisha ikaliwa. Ukurasa ule una jedwali zuri. Nililipenda."

Bibi Muhuri alimtazama. Kumbe alishaisoma. Muda wote aliompiga danadana, alikuwa ameisoma, tena ameielewa.

"Nimeandika hafifu, Profesa. Hawa wamejaa."

"Hafifu na kujaa ni macho ya mkaguzi tu. Andika hafifu. Shule ina jokofu, tena wapishi wa shule wanachemsha nyama mpaka inakuwa kamba. Nani atadhurika?"

"Wale watoto wanalala pale. Wanakula wanachopewa."

"Na wewe mfumo wako unafunga leo," alisema Profesa kwa upole, kama daktari anayemkumbusha mgonjwa muda wa dawa.

Bibi Muhuri aliitazama ile fomu. Kisha akauliza swali ambalo hata yeye hakujua kama litatoka. "Wachungaji wako wana choo kule shambani?"

Profesa akacheka, makombo yakamtoka mdomoni. "Choo cha nini? Pori lote lile."

Mtu huyu ndiye aliyesimama mbele ya darasa lao mwaka wa kwanza na kuchora ubaoni kwa chaki za rangi jinsi mayai ya tegu yanavyotoka kwa binadamu asiye na choo, yakaingia kwenye majani, yakaliwa na ng'ombe. Alichora vizuri. Wanafunzi walimpigia makofi.

"Nipe dakika, Profesa," alisema Bibi Muhuri, akatoka.

Inapasa kusemwa kwamba hakutoka akiwa ameshaamua. Alisimama kati ya mizoga akiwaza jioni zote alizomwacha mumewe akila peke yake, na likizo alizozimalizia kwenye darubini. Aliwaza lile neno jekundu. Akawaza pia kwamba wapishi wa shule kweli wanachemsha sana nyama. Wazo hilo lilimjia laini, la kirafiki, likakaa. Mkono wake ukachukua muhuri, ukaugandamiza kwenye wino, ukauinua mbele ya paja la yule ng'ombe wa nne.

Mzee Taratibu alikuwa ameegemea ukuta, anamwangalia. Alisogea tu pembeni kidogo, jinsi mtu anavyompisha mgeni.

Ndipo Bibi Muhuri akaushusha muhuri na kukimbia. Aliwahi kufika kwenye mfereji wa maji machafu, akainama na kutapika chai yote ya asubuhi, yeye ambaye hata matumbo yaliyooza hayakuwahi kumtikisa. Wachunaji waliacha kazi wakamtazama. Vijana wawili walianza kucheka, wakaona uso wa mzee, wakanyamaza. Alisukutua kwa mpira wa maji, akajifuta kwa mkono, akasema kwa sauti yake ileile, "Hawa wanne, rangi ya kijani. Kisha shimoni."

Rangi hiyo ndiyo wanayomwagia nyama iliyokataliwa ili isije ikauzwa kwa mlango wa nyuma. Profesa alisimama mlangoni akitazama mali yake ikigeuka kijani. Hakugomba. Aliikunja fomu mara nne, akairudisha mfukoni.

"Utakuwa mkaguzi mzuri," alimwambia. "Maisha yako yote."

Jioni mfumo ulifunga. Kesho yake Bibi Muhuri alipoenda chuoni, yule mama karani aligeuza skrini ili aone mwenyewe. Neno lilikuwa jekundu.

Karani ndiye aliyemsukuma aende kwa mkuu wa uzamili. Mkuu alikuwa bwana mwembamba, nadhifu, mwenye bakuli la peremende mezani na kiyoyozi kilichofanya chumba kinuke kama duka la viatu. Alisikiliza kisa chote akitikisa kichwa pale panapostahili. Mwishoni akafunga mlango.

"Mama, hapa tusichafuane," alisema. "Profesa ana jina lake, chuo kina jina lake, na wewe una shahada yako ya kumaliza. Naweza kuandika kwamba ile saini ilipotea kwa hitilafu ya mfumo. Unarudi kuwa hai leoleo. Nakupa msimamizi mwingine. Wewe kwa upande wako huandiki malalamiko yoyote. Mambo ya ng'ombe yabaki ya ng'ombe. Chukua peremende."

Bibi Muhuri aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Nyumbani mumewe alikuwa amelala chali nyuma ya jokofu la jirani, miguu tu ikionekana.

"Kubali," alisema kutoka kule chini. "Nyama umeshawanyima. Na shahada yako mwenyewe uwape?"

"Itakuwa nimenyamaza."

"Utakuwa umenyamaza, ndiyo. Nipe bisibisi."

Akakubali. Neno likarudi kijani siku hiyohiyo, kwa kubonyezwa mara moja tu, na wepesi huo ndio uliomchefua kuliko ucheleweshaji wote. Alijisikia kama mtu mwenye kiu aliyepewa maji kwenye kopo la msalani. Aliyanywa, na kiu ilikata.

Msimamizi mpya, mhadhiri kijana aliyekuwa na mtoto mdogo na usingizi wa kudumu, aliisoma tasnifu haraka, akamgombeza kwa makosa ya jedwali moja, akaipeleka kwa watahini. Bibi Muhuri akafaulu. Siku ya mahafali, Profesa alimfuata uwanjani akiwa kwenye joho lake jekundu, akamwekea mkono begani mbele ya mumewe na mama mkwe wake.

"Huyu ni zao langu," alisema. "Nilimkaza kidogo, lakini si mnaona?"

Mpiga picha akasema wacheke. Bibi Muhuri akacheka. Mama mkwe alilipenda sana lile tabasamu, akaiweka picha kwenye fremu, akaitundika sebuleni kwao juu ya televisheni, na tangu hapo Bibi Muhuri akawa anatazama taarifa ya habari huku ameinamisha kichwa.

Mambo yangeishia hapo. Lakini siku moja Mzee Taratibu, wakiwa wananoa visu, alimwambia kwamba mpwa wake anayefanya kazi kwenye machinjio ya upande wa pili wa mji anaona lori fulani kila wiki, limejaa madume mazuri ya ngozi ya kumeremeta, na kwamba nyama inapakiwa kwenye gari la shule.

Siku yake ya mapumziko Bibi Muhuri alikwenda huko. Mkaguzi alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyemwamkia "shikamoo dada" na kumtafutia kiti kisichoyumba. Waliongea mambo ya kazi, maji yasiyotoka, wachunaji wasiovaa mabuti. Kisha akamuuliza kuhusu yale madume.

Kijana akatazama viatu vyake. "Nimejiunga na uzamili mwaka jana, dada. Yeye ndiye msimamizi wangu."

"Vipunje unaviona lakini?"

"Naviona. Bado mihula miwili tu."

Bibi Muhuri alikuwa amekuja na maneno makali tayari mdomoni, yakamwishia. Huyu kijana alikuwa pale alipokuwa yeye, mkono umeinuliwa, wino unadondoka. Na kama yeye angeandika ule mstari mmoja wa malalamiko, huyu asingekuwa pale. Kinyaa kilimpanda, safari hii chote kikiwa cha kwake mwenyewe.

"Mimi nilinyamaza ili nimalize," alimwambia. "Nimemaliza. Na ukimya wangu ndio uliolileta lori lile kwako. Nitaandika leo, nawe usipotaka sitakutaja."

Kijana aligeuka kutazama mlango. Halafu aliinuka, akafungua kabati la chuma, akatoa nyuma ya makoti chupa ya mdomo mpana iliyofungwa kwa gundi. Ndani, kwenye dawa ya kuhifadhia, kilielea kipande cha ulimi wa ng'ombe kilichojaa vipunje. Alikuwa amekihifadhi tangu lori la kwanza, na hakuwahi kujua atakipeleka kwa nani.

Bibi Muhuri aliandika malalamiko jioni hiyo, nakala kwa bosi wake, nakala kwa idara ya afya, nakala kwa chuo. Mkuu wa uzamili alimpigia simu. "Tulikubaliana," alisema. "Tulikubaliana, ndiyo," akajibu, "na sasa nimekataa." Idara ya afya ilikwenda shambani na kusimamisha ng'ombe wale wasitoke hadi wachungaji wapimwe na vyoo vijengwe. Chuo kiliunda kamati, na mwenyekiti wa kamati akawa yuleyule mkuu wa uzamili.

Walimwita kutoa maelezo. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, sambusa kwenye sahani za karatasi. Bibi Muhuri alieleza yote kwa sauti yake ya siku zote, pamoja na mitihani aliyoisahihisha na ukimya alioukubali. Mjumbe mmoja alipomuuliza kama hakutilia chumvi hali ya nyama, alifungua mkoba akaiweka ile chupa katikati ya meza, kando ya sambusa. Viti vikarudi nyuma vyote kwa pamoja. Mama mmoja akaziba pua, ingawa chupa ilikuwa imefungwa na haikunuka.

"Tafadhali ondoa hicho kitu," alisema mwenyekiti.

"Nawaachia," alisema Bibi Muhuri. "Ni ya msomi wenu mwingine, bado yuko hai kwenye mfumo. Mtunzieni, na jina lake lisigeuke jekundu."

Profesa alistaafu kabla kamati haijamaliza kazi, kwa sababu za kiafya, na akaandaliwa hafla ya kumuaga yenye keki. Yule kijana alipewa msimamizi mwingine, akajisajili kwa muhula uliofuata. Akimwona Bibi Muhuri kwenye vikao vya wakaguzi humwamkia, kisha hutafuta kiti cha mbali, naye humwacha. Kazini Bibi Muhuri bado anachana taya, ulimi na moyo kila asubuhi. Wachunaji, ambao kwao shahada yoyote ni udaktari, walijaribu kwa muda kumwita Daktari, wakaona jina hilo halimkai, wakaacha.